GPS peke yake hailindi karavani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna watu wanapaki karavani, yani yale matrela ya kulala yanayovutwa na gari, miezi kibao bila kwenda kuyacheki, eti kisa wamefunga GPS. Jamani GPS haimzuii mwizi, inakwambia tu mali iko wapi, tena kama betri ina chaji na ile laini ya simu ndani yake haijafungiwa, maana setilaiti inakipa kifaa mahali kilipo ila taarifa inakufikia kwa mtandao wa simu kama meseji ya kawaida. Ukipaki kwenye ghala la mabati signo inaweza kukata kabisa. Na msikifiche kwenye droo au pembeni ya betri, mwizi anaanza kupekua hapohapo, bora nyuma ya ubao wa ukuta, mbali na chuma. Seti eneo kwenye simu ili trela likitoka tu upate alamu. Kufuli la tairi na la kiungio, pale trela linaposhikana na gari, bado ni lazima! Likiibwa msilifuate wenyewe, nawaomba sana, wapeni polisi lokesheni.

Msomaji wenu