Ukija Lamu na Mama

Langoni, Lamu
Alhamisi jioni

Mpendwa Wambui,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Ujumbe wako niliupata jana nikafurahi kupita kiasi, ila maswali yako hayaenei katika ujumbe wa simu, ndiyo nimeketi nikuandikie barua. Umeuliza njia, malazi, chakula, joto na usalama. Nitajibu yote, lakini nianze na Mama. Safari hii ni yake, na ukiipanga kwa kuangalia goti lake, mengine yatajipanga yenyewe.

Lamu hakuna gari la kukufikisha mlangoni. Mji wa kale ni vichochoro, na hata Usita wa Mui, ambao ndio njia yetu kuu, punda wawili wenye mizigo wakipishana huna budi kujibana ukutani. Hapa mtu huenda kwa miguu, kwa punda au kwa boti. Kwa hiyo goti la Mama ndilo litakaloamua mlale wapi na mtoke saa ngapi. La pili litakaloamua ni maji ya bahari, na hili nataka ulielewe vizuri kabla hujakata tiketi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Siku za katikati ni maji mafu, hapo tofauti si kubwa. Sasa ngazi za gati letu, maji yakikupwa, vidato vya chini hubaki wazi, vimeota mwani na vinateleza. Vijana huruka kutoka kwenye boti bila kufikiri. Mama hawezi, na mimi sitaki ashikwe mikono miwili akivutwa juu kama gunia mbele ya watu. Siku za bamvua maji huku hujaa alasiri, mida ya saa kumi hivi, na basi la Mombasa nalo kwa kawaida hufika Mokowe, gati la upande wa bara mnakopandia boti, alasiri. Basi tazama kalenda ya mwezi, uje siku ambayo mwezi ni mpevu au siku moja mbili baada yake. Boti itakaa karibu na sakafu ya gati, na Mama atapanda kama anavyopanda kibaraza chake mwenyewe.

Kuhusu njia. Kama mfuko unaruhusu, Mama na aje kwa ndege kutoka Nairobi hadi Manda. Uwanja uko ng'ambo ya mji, mkishuka mnatembea kidogo hadi gatini na boti inawavusha kwa dakika chache. Angalieni tu mizigo, maana baadhi ya ndege ndogo hazikubali zaidi ya kilo 15 kwa mtu. Nauli ya watu wanne najua ni nzito, kwa hiyo nakuelekeza pia njia ya nchi kavu, ambayo ni ndefu lakini ni nzuri mkiigawa.

Laleni Nairobi, asubuhi mpande treni ya SGR pale Syokimau. Chukueni ile ya asubuhi inayosimama Mtito Andei na Voi, msichukue ya alasiri, maana hiyo huwafikisha Mombasa usiku, na kufika mji mgeni usiku ukiwa na mzee na watoto si jambo la kupendeza. Tiketi hukatwa mapema kwa simu na kulipiwa kwa M-Pesa, na kila mtu mzima awe na kitambulisho. Fikeni stesheni mapema kwa sababu ukaguzi wa mizigo una hatua nyingi. Treni itawashusha Miritini, nje ya kisiwa. Hapo kuna matatu na teksi za kuingia mjini. Patana bei kabla ya kufungua mlango, na ukishapatana usiongeze hata shilingi kwa ajili ya mifuko.

Mombasa laleni usiku mmoja, ikiwezekana miwili ili Mama apumzishe mgongo. Tafuta chumba karibu na Mwembe Tayari, kwa kuwa ofisi nyingi za mabasi ziko huko na basi huondoka alfajiri. Mkiwa na siku nzima, waoneshe watoto Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kisha mshuke taratibu Mji wa Kale. Jioni kaeni Mama Ngina mpate madafu na mihogo ya kuchoma, upepo wa pale utamfaa Mama. Likoni msiende safari hii. Kivuko kina msukumano wa watu, na hamna haja nacho kwa kuwa mnakuja kaskazini.

Siku ya basi, kata viti vya upande wa kushoto. Barabara inaelekea kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linapiga kulia, na ukikaa kulia hadi Malindi utakuwa umeiva. Mtapita Mtwapa, Kilifi na Malindi, halafu baada ya Gongoni nyumba zinapungua mpaka Garsen na Minjila, kisha Witu, Hindi na Mokowe. Shikeni vitambulisho mkononi. Kuanzia Garsen kuna vizuizi vya polisi, abiria huulizwa majina na mara nyingine hushushwa kukaguliwa. Mama asiogope, ni kawaida ya njia hii kwa sababu ya usalama, na ndiyo maana nasisitiza msafiri mchana. Siku moja kabla ulize ofisi ya basi hali ya barabara. Mto Tana ukifurika njia hukatika. Mwishoni mwa 2023 maji yaliila barabara karibu na Gamba na abiria wakateseka sana.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la lini. Aprili na Mei msije kabisa, ni masika, njia ni tope na bahari ni chafu. Desemba na Januari kuna kaskazi, bahari imetulia, maembe yamejaa sokoni, lakini joto ni kali na wageni ni wengi hadi bei za vyumba zinapanda. Mimi ningemchagulia Mama Agosti. Kusi bado linavuma na bahari ya nje huchafuka, ila nyinyi hamwendi nje, mkondo wetu kati ya Lamu na Manda umekingwa. Hewa ni ya ubaridi kidogo kwa kipimo chetu, na mtu wa Nakuru ataweza kulala. Jambo la kuangalia ni Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul-Awwal). Msikiti wa Riyadha hupokea wageni kutoka pwani nzima, vyumba hujaa na njia hazipitiki. Kwa anayependa shamra ni wakati wa ajabu, lakini kwa goti la Mama hapana.

Mokowe nitakuja mwenyewe kuwapokea. Hata hivyo ujue utaratibu: basi likisimama, vijana wengi watakimbilia mifuko yenu. Ni wapagazi, wanatafuta riziki, wewe sema kwa upole kwamba mna mwenyeji. Kuna boti ya abiria, ya bei nafuu, inayosubiri ijae, na kuna boti ya kasi ya kukodi. Sisi tutachukua ya abiria kama si ndogo mno, na kila mtoto atavaa jaketi ya kujiokolea kabla ya boti kung'oa nanga. Nahodha akisema safari ni fupi, mwambie mtoto ni wako.

Malazi. Unajua nyumba yangu ni yenu, nawe na watoto mtalala kwangu juu, darini kuna makuti na upepo. Lakini nyumba zetu za mawe zina ngazi zenye vidato virefu na vyembamba, hazina pa kushika, na choo changu kiko chini. Mama asipande na kushuka usiku. Nimeongea na jirani yangu, shangazi mmoja mtu mzima anayeishi peke yake, ana chumba cha chini chenye choo ndani, hatua chache kutoka kwangu. Amefurahi sana, anasema amepata wa kuongea naye. Watalala vyumba vinavyopakana, na chandarua kipo. Mkitaka nyumba ya wageni badala ya hiyo sitakasirika, ila muulize mwenyewe swali moja tu: chumba cha chini mnacho?

Siku zetu zitaanza mapema. Baada ya alfajiri mji unapoa na njia ni nyeupe, huo ndio wakati wa Mama kutembea. Tutampeleka taratibu hadi Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, akae kwenye kivuli cha mikungu aangalie watu wakienda sokoni. Ngome yenyewe ilimalizika 1821, na ilikuwa jela hadi 1984. Leo wanafunzi wanasomea humo. Makumbusho ya pwani nayo hayako mbali, mle zimo siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe za zamani, moja ya pembe ya ndovu kutoka Pate na nyingine ya shaba ya hapa Lamu. Ningependa watoto wako wasimame mbele yake watazame kwa utulivu, maana wengi hupita mbio kwenda ufukweni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa tutajifungia ndani. Hata sisi wenyeji hatuzururi saa hizo.

Njiani ukisikia nyuma yako "simile! simile!", sogea ukutani upande mmoja wote, msigawanyike. Punda hasimami. Wafundishe watoto wasimguse kwa nyuma na wasimrushie kitu; tunawategemea kwa saruji, maji na maharusi, na kliniki yao ipo hapa tangu 1987. Mama ashike fimbo yake hata kama ataona haya, kwa sababu kuna mitaro ya wazi kando ya njia.

Shela, kijiji cha ufukweni, tutakwenda kwa boti. Vijana huenda kwa miguu, ni mwendo wa kiasi cha dakika 45 kandokando ya bahari, lakini maji yakijaa njia hiyo humezwa sehemu sehemu. Watoto wataogelea pale nitakapowaonesha, si kwenye mkondo, maana maji yakitoka yana nguvu ya kumbeba mtu mzima. Yale matuta ya mchanga watapenda kuyapanda, ila waambie kabla hawajaja kwamba wasiache taka hata moja. Mvua huingia katika mchanga ule ikawa ndiyo maji ya visima vinavyotunywesha mji mzima. Naumia nikiona mtu anajenga juu yake. Takwa, magofu ya mji wa kale upande wa Manda, hufikiwa kwa kupita mikokoni maji yakiwa yamejaa tu, na mkija siku za bamvua alasiri itatufaa.

Kwa kunywa, Mama na watoto wanywe maji ya chupa au yaliyochemshwa. Chakula usijali hata kidogo. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana samaki wa kupaka au wali na mchuzi, jioni tutatoka kununua mishkaki, viazi karai na mkate wa mofa moto. Mama kama hapendi pilipili nitamwekea yake kando. Ukwaju baridi ataupenda mwenyewe.

Mavazi, njoo na leso kadhaa. Hakuna atakayekutukana ukivaa suruali, lakini mabega na magoti yakifunikwa mjini utaona watu wanavyokufungukia. Nguo za kuogelea zibaki Shela. Piga picha za majengo utakavyo. Watu waombe kwanza, hasa kina mama. Na ukipita penye baraza, salimia. Wazee wetu wanapenda salamu kuliko zawadi.

Pesa: M-Pesa inafanya kazi kila duka, lakini mashine za benki ni chache na mara nyingine hazina kitu. Kuwa na noti ndogo ndogo. Ukikodi jahazi ulize kama bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, na kama chakula kimo. Mifuko ya plastiki uiache huko, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Njoo na kikapu.

Afya ndiyo inayonikosesha usingizi kidogo. Nyinyi ni watu wa nyanda za juu, miili yenu haijaizoea malaria, basi nendeni kwa daktari mapema awaandikie dawa ya kinga, na amwangalie Mama na dawa zake za presha kwa ajili ya joto. Abebe dawa za kutosha safari yote na wiki moja ya akiba, kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie chini ya basi. Hospitali kuu ya King Fahd ipo hapa hapa mjini, lakini dawa yake mahsusi huenda ikakosekana.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi mambo mawili: tarehe mliyochagua, nami nitakuambia maji yatajaa saa ngapi siku hiyo, na je, Mama anaweza kuketi chini kwenye mkeka, ama nimtafutie kiti cha mgongo mrefu? Fundi wa Langoni anaweza kukichonga kabla hamjafika.

Nisalimie Mama sana, mwambie shangazi wa chumba cha chini ameshaanza kuuliza jina lake.

Wako,
Khadija