Mabadiliko ya kikao cha taka za wodini: sasa ni Alhamisi

Ndugu wanakamati, habari za asubuhi.

Kikao chetu kilichokuwa kifanyike kesho kimehamishiwa Alhamisi, saa nane kamili mchana, katika ukumbi mdogo wa maabara, kwa kuwa fundi wa tanuri la kuchomea taka atapatikana siku hiyo pekee.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takribani asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, zisizo na hatari. Lakini chupa ya maji ikitupwa kwenye ndoo ya njano, ya taka hatari, hugeuka mzigo wa tanuri, na plastiki ya PVC ikichomwa kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayoingia katika moshi wanaouvuta majirani zetu. Jambo hili linaniumiza sana.

Naomba:

1. Kila wodi ipime taka za kesho na keshokutwa, za ndoo ya njano na za ndoo nyeusi (taka za kawaida) mbalimbali.
2. Masanduku ya sindano yafungwe yakijaa robo tatu, wala yasishindiliwe, maana wahudumu wa usafi ndio wanaochomwa.
3. Mchango wa chai, shilingi 2,000, umfikie mhazini Jumatano.

Tafadhali thibitisheni mahudhurio hapa kabla ya saa kumi na mbili jioni leo.

Katibu