Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mmegawiwa mlangoni na mweka hazina atazisoma mwenyewe, kwa hiyo suala la fedha nitaligusa mara moja tu huko mbele. Kumbukumbu za vikao vya kamati ziko kwa katibu. Anayetaka kuzipitia aziombe. Mimi nitasema yale yasiyomo kwenye karatasi hizo, nikianza na lililotugombanisha zaidi mwaka huu, yaani bendera.

Kwa waliojiunga karibuni na chama chetu cha kupinga vita: kila juma tunasimama kimya kwa saa moja, mstari mmoja, mabango kifuani, bila hotuba wala kipaza sauti. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Januari 1988 wanawake wachache wa Kiisraeli walianza kusimama Jerusalem kila Ijumaa wakiwa wamevaa nguo nyeusi, wakidai ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina ukome. Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade, Serbia, wakauchukua mtindo huohuo kupinga vita vya Yugoslavia vilivyokuwa vikipiganwa kwa jina lao. Katika miji yote miwili, waliosimama walikuwa wakiikosoa serikali yao wenyewe mbele ya majirani zao, wakatukanwa kwa hilo. Hawakuwa wakishangilia jeshi la upande wa pili.

Katikati ya mwaka kundi la wanachama lilileta hoja kwamba tukisimama kwa ajili ya Gaza tubebe bendera ya Palestina, na tukisimama kwa ajili ya Ukraine tubebe ya Ukraine. Walisema aliyevamia na aliyevamiwa hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja, na kwamba asiyetaka kusema hivyo anajificha nyuma ya neno amani. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siichukulii kama utovu wa nidhamu. Machi 2022 nchi 141 zilipiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Kama nchi 141 ziliweza kumtaja mvamizi, sisi tunaogopa nini?

Kamati iliamua hivi: bango lina ruhusa ya kutaja nani amefanya nini. Aliyevuka mpaka atajwe, aliyepiga hospitali atajwe, aliyezuia chakula atajwe. Lakini katika mstari wa kimya haitabebwa bendera ya nchi, ya chama, ya jeshi wala ya kundi lolote lenye silaha. Bango tunaliandika wenyewe na kila neno lake tunaweza kulitetea mbele ya mpita njia. Bendera inakuja na kila kilichowahi kufanywa chini yake, na hicho hatuwezi kukijibia. Wanachama kadhaa wametuaga kwa sababu ya uamuzi huo, wakiwemo watu niliosimama nao kwa miaka mingi. Wengine wao bado huja saa ileile, wakasimama ng'ambo ya barabara na bendera yao, na tukimaliza tunasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Kuna walioniambia huo ni unafiki. Mimi naona ni heri huo kuliko kununiana. Hoja yenyewe itapigiwa kura leo kwa karatasi za siri. Mtoa hoja atazungumza kwanza, na kwa kuwa nimekwisha kusema ninavyoona, kiti nitamwachia makamu mwenyekiti kwa ajenda hiyo.

Ugomvi huo uliibua jambo ambalo halikuwa kwenye hoja ya mtu yeyote. Ili tusivutane kila juma kuhusu vita gani tusimame kuvipinga, kamati iliweka zamu. Ilipofika zamu ya Sudan, mstari ulipungua hadi nusu. Zamu ya mashariki ya Kongo, miezi michache baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, hali ikawa hivyohivyo. Bwana mmoja mwenye mkoba wa kazini alisimama mbele ya bango letu, akalisoma, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Sudan kuna vita?" Vita hivyo vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la serikali na kikosi cha wanamgambo cha RSF, na vimewang'oa makwao watu zaidi ya milioni 12. Hakuna mahali pengine duniani leo penye wakimbizi na wahamishwaji wengi kama hao kutokana na mgogoro mmoja. Mwishoni mwa Oktoba mji wa El Fasher, huko Darfur magharibi mwa Sudan, ulipoanguka baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka, picha zikasambaa, na juma lililofuata watu walikuwa wengi hadi tukakosa nafasi ya kusimama. Baada ya hapo mstari ukakonda tena.

Sina sababu ya kumnyooshea mtu kidole, kwani kamera huvuta watu popote. Ila chama cha kupinga vita kikiwa kinahesabu vita kwa kufuata taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi hakihitaji kamati; kinahitaji televisheni. Zamu itaendelea mwaka ujao, na naomba mtu asichague juma kwa kuangalia jina la nchi. Kama mnataka kipimo, watazameni wenzetu wa Sudan wenyewe: vyumba vya dharura vya mitaani, vilivyoanzishwa na vijana na majirani, wengi wao wakitoka katika kamati za mitaa za vuguvugu la kudai utawala wa kiraia. Wanapika katika majiko ya pamoja, wanatafuta dawa, wanahamisha watu chini ya mabomu, na hawana bunduki. Mwaka huu walipewa Tuzo ya Right Livelihood. Tumewaandikia barua ya pongezi, ambayo ni kitu kidogo, lakini ilijadiliwa kwa dakika 40 kwenye kamati kwa sababu kila mtu alitaka kubadilisha aya ya pili.

Katika mazungumzo hayo ndipo ilipozaliwa kamati ndogo ya silaha. Darfur imewekewa vikwazo vya silaha na Baraza la Usalama tangu 2004, na bado silaha zinaingia. Kamati ndogo inasoma taarifa za serikali za uuzaji wa silaha nje, kazi kavu isiyo na makofi, na kuandika maswali kwa wabunge. Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa Aprili 2013, unaikataza nchi mwanachama kuruhusu silaha zitoke ikiwa inajua zitatumika katika mauaji ya kimbari au mashambulizi dhidi ya raia. Swali letu kwa wabunge lilikuwa moja: nani anakagua, na kwa karatasi gani? Majibu mengi yalikuwa ya adabu na matupu. Mawili yalikuwa na nambari za nyaraka, na hayo ndiyo tunayoyafuatilia.

Kwa wanaodhani kazi hii haizai kitu, nikumbushe bandari ya Durban, Afrika Kusini, Aprili 2008. Meli iitwayo An Yue Jiang ilitia nanga ikiwa na shehena ya silaha za kwenda Zimbabwe, wakati nchi ile ikiwa katika msukosuko wa uchaguzi. Wafanyakazi wa bandari, wanachama wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, SATAWU, walisema hawapakui. Wengine, akiwemo askofu Rubin Phillip wa Kianglikana, wakaenda mahakamani, na mahakama ikazuia shehena isipite. Meli ikang'oa nanga bila kushusha hata sanduku moja. Kilichohitajika ni mtu aliyeona hati ya shehena na wenzake waliokataa kushika kamba ya winchi.

Sasa maandamano yetu makubwa. Taarifa tuliipeleka polisi mapema. Ofisa aliyetupokea alitaka tuandike upya tukiita barua ile "ombi la kibali". Katibu wetu alikataa kwa upole, akaacha barua ileile na nakala ya Maoni ya Jumla namba 37 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ya Julai 2020, yanayofafanua ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Humo imeandikwa wazi kwamba kutoa taarifa kusigeuzwe kuwa kuomba ruhusa, na kwamba fujo za mtu mmoja mmoja haziondoi haki ya walio wengi. Nakala ilirudi ikiwa imepigwa mhuri wa kupokelewa. Itunzeni, tutaihitaji tena.

Siku yenyewe, kijana mmoja aliyejifunika uso, ambaye hakuna aliyemfahamu, alianza kurusha chupa kuelekea kwa askari. Waongozaji wetu wa maandamano hawakumshika. Walipitisha ishara, na safu zote za karibu zikaketi chini. Kwa sekunde chache kijana akabaki amesimama peke yake, anaonekana na kila mtu na kila kamera, chupa mkononi. Akaiweka chini akaondoka. Hilo si bahati. Ni jioni nyingi za mazoezi ukumbini humu, ambazo wengi mlizilalamikia kuwa ni mchezo wa kitoto.

Kuna walioniuliza kwa nini tuandamane wakati hata mamilioni ya watu wa tarehe 15 Februari 2003, katika mamia ya miji, hawakuzuia Iraq isivamiwe mwezi uliofuata. Ni kweli hawakuzuia. Lakini tarehe 29 Agosti 2013 Bunge la Uingereza lilikataa, kwa kura 285 dhidi ya 272, kuingia kijeshi Syria, na mjadala mzima ulikuwa umejaa Iraq. Sisemi waandamanaji wa 2003 ndio waliopiga kura ile. Nasema waliifanya Iraq iwe jina ambalo mbunge hawezi kulikwepa akiulizwa jimboni kwake.

Agosti tulifanya jioni ya kumbukumbu ya miaka 80 ya Hiroshima na Nagasaki. Ukumbi ulijaa, pengine kwa sababu Nihon Hidankyo, jumuiya ya manusura wa mabomu yale, ilikuwa imepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uliotangulia. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia unafanya kazi tangu Januari 2021, na hakuna hata nchi moja yenye silaha hizo iliyojiunga. Habari mbaya zaidi ya mwaka imetoka kwenye mkataba mwingine, ule wa mabomu ya ardhini wa 1997, ambao wengi wenu mlizunguka na fomu za saini kuudai. Estonia, Latvia, Lithuania, Ufini na Poland zimechukua hatua za kujitoa. Zina jirani wanayemhofia, na hofu hiyo siidharau, ila bomu la ardhini halimjui jirani. Linamngoja yeyote, hata miaka 20 baada ya amani kutiwa saini.

Kuhusu fedha, ni hili tu: mfadhili mmoja alitaka kulipia mabango yote ya mwaka kwa sharti jina lake lionekane juu yake. Tulikataa. Mabango yakatengenezwa kwa ada zenu, na mchapaji akatuchelewesha akitaka kujua mwenye haki ya alama ya amani. Gerald Holtom aliichora 1958 na hakuisajili, kwa hiyo ni ya kila mtu. Sheria ya mabango ni ileile: maneno yasizidi matano, nyeusi juu ya nyeupe, herufi za urefu wa kiganja. Aliye ndani ya basi ana sekunde tatu.

Katibu amemaliza muhula wake wa pili na katiba haimruhusu wa tatu. Fomu za kugombea nafasi hiyo, na nafasi mbili za ujumbe wa kamati, ziko mezani kwa makamu mwenyekiti hadi mapumziko. Waongozaji wapya wanahitajika kumi, na mafunzo yanaanza Jumamosi ya kwanza ya Februari. Njooni na viatu vya kukimbilia, na mjiandae kuketi chini.

Mwenyekiti