Msiba usio na matanga: barua kwa dada yangu anayemuuguza mama

Shikamoo dada,

Ile sauti uliyonitumia saa nane usiku niliisikiliza kazini, nikaizima pale uliposema "nimemsukuma mama." Nisikufiche, nilikasirika. Jioni kwenye daladala nikaisikiliza yote. Kumbe ilikuwa mara ya nne usiku ule anaamka, anafunga nguo zake kwenye kanga, anataka kurudi Pangani kwa baba yake, babu ambaye hata wewe hukumkuta. Na kwamba alikuita mwizi wa hela zake, wewe uliyemwogesha asubuhi.

Umeniruhusu niandike hadharani bila kukutaja. Najua mko wengi.

Kwanza niombe radhi. Kwa miaka miwili nimekuwa mtoto wa miamala. Natuma hela mwisho wa mwezi, halafu napiga simu kukuelekeza: usimfokee, mpe matunda, mtoe nje apate hewa. Shirika la Afya Duniani linasema anayemuuguza ndugu mwenye demenshia, huu ugonjwa wa mama unaokula kumbukumbu na akili, hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku. Saa zako 5 zinaisha kabla ya adhuhuri! Wanasema pia asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake. Hilo hatukuhitaji kuambiwa kutoka Geneva. Watoto wa kiume wanne tuko Dar, na sote tunajua nani yuko Tanga na mama.

Juzi uliniuliza mbona unalia kama umefiwa na mama yupo anakula ugali. Umefiwa, dada. Mwanamke aliyekufundisha kusuka ukili, aliyejua deni la kila mtu mtaani bila daftari, hayupo, na mwili wake umekaa pale barazani. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Pauline Boss, alianza kuandika juu ya msiba wa namna hii tangu miaka ya 1970. Kwetu sisi ugumu wake ni kwamba hauna matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe mkekani, hakuna sufuria la jirani, hakuna siku ya arobaini ya kusema sasa tuanue. Wanaokuja wanakuja kunong'ona kwamba karogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Hao wape chai waende zao.

Ni ugonjwa wa ubongo, na haupo Ulaya tu. Mwaka 2010 watafiti walipita vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakakuta takriban wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wanao. Mama hakusingizii kwa makusudi. Pesa ameificha, amesahau kuwa ameificha, na akili inatafuta maelezo yaliyo karibu. Aliye karibu ni wewe. Nawe umeshagundua dawa ya Pangani kuliko sisi wote: ukimwambia "babu alishakufa" anaangua kilio kama kasikia leo, ukimwambia "haya mama, tunywe chai kwanza ndipo twende," anakaa.

Sasa wewe. Kila tukienda hospitali wanauliza mama amelala vipi. Hakuna aliyewahi kuuliza wewe umelala saa ngapi, hata mimi. Nilisoma habari za mpango mmoja wa Uingereza, matokeo yake yalitoka 2013. Watu wanaouguza ndugu wenye demenshia nyumbani, kama wewe, walikutana mara 8 na mtu aliyesomea saikolojia, hata si daktari, wakaongea kuhusu hasira, usingizi, namna ya kuomba msaada. Sonona ilipungua, na miaka 6 baadaye faida bado ilionekana. Mara 8 tu! Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa si ya waokota makopo, dada. Nenda, ueleze hata lile la kusukuma. Likitokea tena, hakikisha yuko salama, toka uani, nawa uso. Na siku ukiwaza heri ufe, au heri afe, usingoje asubuhi kutuamsha.

Nimeongea na kaka. Alianza na habari za kutafuta dada wa kazi, nikamwambia tutatafuta, lakini kwanza zamu. Kila mwezi mmoja wetu atakuja siku nne. Kaka kanuna, atazoea.

Naanza mimi. Ijumaa napanda basi la asubuhi, Jumamosi wewe unaondoka kwenda kwa shoga yako Korogwe, na simu yako sitaipigia. Najua utasema sitaweza kumwogesha. Pengine sitaweza, tutamwomba mama mdogo. Niandikie tu kwenye karatasi ni wimbo gani unaomwimbia akigoma kula, na ile kanga asiyotaka ifuliwe ni ipi.

Mdogo wako.