Barua kwa Zaituni kuhusu upasuaji wa Mama

Jinja, Uganda

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nimeelewa kwamba mfuko wake wa nyongo una mawe na utaondolewa kwa njia ya matundu madogo, na kwamba wajomba huko Arua wanauliza kiungo kizima kitapitaje hapo. Mfuko huo ni laini. Ukishakatwa hutiwa ndani ya kifuko cha plastiki na kuvutwa kupitia tundu la kitovuni, lenye upana wa milimita 10 hivi, ambalo hupanuliwa kidogo mawe yakiwa makubwa.

Kabla ya hapo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke na kamera ipate nafasi. Gesi hiyo haishiki moto karibu na kisu cha umeme, na damu huifyonza upesi. Mama akiamka akilalamikia bega, msishtuke: kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kikichokozwa na gesi huleta maumivu huko juu, nayo hupoa baada ya siku chache.

Wajomba wasidhani anafanyiwa majaribio. Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kwa njia hii nchini Ujerumani mwaka 1985, akabezwa na madaktari wenzake, lakini leo ndiyo njia ya kawaida duniani kwa ugonjwa huu.

Umeniuliza pia kuhusu roboti za upasuaji. Mimi muuguzi wa chumba cha upasuaji sizitamani sana. Navutiwa zaidi na njia isiyohitaji gesi, inayotumiwa na madaktari wa vijijini India: ukuta wa tumbo huinuliwa kwa chuma kilichofungwa kando ya kitanda, na kwa baadhi ya wagonjwa ganzi ya uti wa mgongo hutosha, bila nusukaputi. Kwa hospitali zetu za wilayani, ambako mtaalamu wa usingizi ni adimu, hayo ndiyo maendeleo ninayoyangoja.

Kabla Mama hajatia sahihi, mwulize daktari ameshafanya upasuaji huu mara ngapi, na ni hali gani itakayomfanya alifungue tumbo. Uvimbe ukimzuia kuutofautisha vizuri mrija wa mfuko na mrija mkuu wa nyongo, kufungua ni busara, wala msimlaumu.

Nijulishe tarehe mapema niombe ruhusa kazini.

Wako,
Mariamu