Walijuaje kwamba ni mbu?

Mwanangu Rehema,

Salaam. Mama yako na wadogo zako hawajambo. Barua yako imenifurahisha sana. Mwalimu amewaambia mkariri kwamba malaria huenezwa na mbu aina ya anofelesi, nawe unataka kujua walijuaje. Shikilia hapo hapo.

Huku kwetu Usambara wazee walishakuwa na jibu. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyefanya utafiti Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milimani walimwambia homa wanaipata wakishuka tambarare, kwa sababu huko wanaumwa na mbu. Waliona sawasawa. Lakini anayeshuka tambarare hukutana na mengi: joto, maji mengine, hewa ya vinamasi. Ulaya hewa hiyo ndiyo iliyolaumiwa kwa karne nyingi. Utamtengaje mbu na vyote hivyo?

Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliona vimelea vikicheza katika damu ya mgonjwa. Ndivyo ninavyovitafuta mimi kila asubuhi kwenye slaidi hapa maabara. Vinaingiaje mwilini? Daktari Patrick Manson wa London alidhani mbu huvinyonya, hufia majini, kisha watu huyanywa maji hayo. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa India, akaipima dhana hiyo kwa kuwanywesha watu maji yenye mbu waliokufa. Haikusimama. (Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe.)

Ross akaendelea kupasua mbu, mmoja baada ya mwingine, miaka miwili asione kitu, maana wengi aliowapasua hawakuwa wa aina inayobeba malaria ya binadamu. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, alimpasua mbu mwenye mabawa ya madoadoa aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Kwenye ukuta wa tumbo akakuta vifuko vidogo vyenye chembe nyeusi zile zile za kwenye damu ya wagonjwa. Mwaka uliofuata, akiwa Calcutta na kutumia malaria ya ndege, alivifuata vimelea hadi kwenye tezi za mate za mbu. Mbu wa namna hiyo walipowauma ndege wazima, ndege wakaugua. Mwaka huo huo mtafiti Mwitaliano Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kwa binadamu, huko Italia.

Bado wengi walishikilia hewa. Basi mwaka 1900 Manson akapanga majaribio mawili, na haya ndiyo nayapenda kuliko yote. La kwanza: madaktari walikaa msimu wa homa katika nyumba ya mbao karibu na Roma, mahali palipojaa malaria. Mchana walitembea watakavyo. Kabla jua halijazama waliingia ndani, madirisha yakiwa na wavu wa waya. Hewa ya usiku waliivuta kama majirani zao. Hawakuugua. La pili: mbu walionyonya wagonjwa Roma walisafirishwa hadi London, wakamuuma kijana mzima aliyekuwa akisomea udaktari. Akashikwa na malaria, vimelea vikaonekana katika damu yake, akatibiwa kwa kwinini.

Kijana huyo, Thurburn, alikuwa mtoto wa Manson mwenyewe. Mimi nisingekubali uwe wewe, hata kwa ugunduzi mkubwa namna gani. Lakini tazama majaribio hayo yanavyokamilishana: hewa ile bila mbu, hakuna homa; mbu bila hewa ile, homa. Kama madaktari wa nyumba ya mbao wangeugua, Manson angelazimika kukiri mbele ya watu wote kwamba hajui. Alijiweka mahali ambapo angeweza kushindwa.

Ukija likizo nitakuombea ruhusa uangalie hadubini. Hadi hapo, waza hili: watu wazima wa kijiji chenye malaria nyingi huumwa na mbu kila siku, lakini si wao wanaolazwa zaidi, ni watoto wadogo. Andika unavyodhani ni kwa nini, kisha chini yake uandike utapimaje, na matokeo gani yakitokea utaiacha dhana yako.

Baba yako