Maumivu ya mgonjwa wa dharura yapewe dawa mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika Bronx, New York, ambapo wagonjwa 416 wa dharura wenye maumivu makali ya mkono au mguu walipewa ama ibuprofeni pamoja na parasetamoli, ama mojawapo ya michanganyiko mitatu yenye dawa za jamii ya afyuni, yaani dawa kali za maumivu zinazoweza kuleta uraibu. Baada ya saa mbili, nafuu yao haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa Marekani, ambako uraibu wa dawa hizo za afyuni umeua watu wengi mno, hiyo ni habari njema.

Mimi nimeisoma nikimkumbuka shemeji yangu, aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda akalazwa kwenye benchi, akiuma ukosi wa shati lake, bila mtu kumuuliza anaumia kiasi gani, ilhali ibuprofeni na parasetamoli vinauzwa hata katika duka la dawa la mtaani. Muuguzi wa mapokezi apime maumivu na kuyatibu mapema. Na morfini, dawa kali ya jamii ya afyuni ambayo utafiti ule haukuilinganisha, isikosekane kwa aliyeungua au kupondeka.

Wako,
Msomaji, Morogoro